Bima ya safari ya mwaka kwa familia ya dada yangu, na kijana wa miaka 23 ambaye mkataba haumtambui

Naandika hiki kisa kwa ruhusa ya dada yangu na shemeji, wenyewe wamesema andika tu watu wajue, mradi majina usitaje. Mimi niliwahi kuwa wakala wa bima miaka kadhaa pale Posta, Dar es Salaam, zaidi bima za magari na moto, bima ya safari nilikuwa nauza moja moja mtu akienda kuomba viza. Sasa hivi siuzi tena, ila ndugu wakikwama wananipigia, na dada ndo alinipigia mwezi wa saba mwaka huu wa 2025, akasema mdogo wangu njoo Tabata Jumapili, nimeletewa karatasi za bima tatu sizielewi na safari hii sitaki yatukute yale ya mwaka jana.

Niwaambie kwanza ya mwaka jana maana bila hayo hamtaelewa kwanini tulikaa masaa manne kwenye karatasi.

Mwaka jana walikata bima ya safari ya mwaka mzima, ile inaitwa ya familia. Wakala aliwaambia hii ni baba, mama na watoto, mnasafiri mnavotaka mwaka mzima, kazi imeisha. Wakalipa. Mwezi wa nane kijana wao mkubwa, mpwa wangu, wakati huo ana miaka 22 na bado yuko chuo, akapanda basi kwenda Nairobi kwenye harusi ya rafiki yake. Siku ya pili tumbo likamkamata upande wa kulia, wenzake wakadhani chakula, usiku akawa hawezi hata kunyoosha mguu, kumpeleka hospitali ikawa kidole tumbo na kinatakiwa kutolewa usiku ule ule. Akafanyiwa operesheni, akapona vizuri tunashukuru Mungu. Bili ikaja shilingi za Kenya laki mbili na elfu sitini, kwa hela yetu zaidi ya milioni tano. Dada hana wasiwasi, ana bima. Akapiga simu, akatuma makaratasi, wiki mbili baadae jibu likaja: mtoto anakatiwa bima pale tu anaposafiri pamoja na mzazi aliyetajwa kwenye mkataba, huyu alisafiri peke yake, kwa hiyo klemu, yaani madai ya kulipwa, haikubaliki. Wakati huo hospitali ilishalipwa kwa hela ya mzigo wa duka la dada pamoja na michango ya grupu la familia, kila mtu alituma alichokuwa nacho.

Nilipousoma ule mkataba baadae nilikuta kipengele kipo, ukurasa wa pili, mstari mmoja mdogo. Kampuni haikudanganya. Aliyekosea ni wakala, kwa sababu alikuwa anajua hawa watu wana mtoto wa miaka 22 anayejitembeza mwenyewe na hakumwambia mama mtu hata sentensi moja. Hilo mpaka leo linaniuma kwa sababu nimekaa kwenye kile kiti, najua kabisa mteja husaini pale unapomuonyesha kidole, hasomi, anakuamini wewe.

Sasa tuje mwaka huu.

Jumapili nimefika Tabata saa nne asubuhi, dada ametandaza karatasi mezani kabandika juu yake thermos ya chai zisipeperuke na feni. Shemeji kakaa pembeni na miwani. Kijana yupo, binti yao mdogo wa miaka 14 yupo anasikiliza. Nikamwambia dada weka hizo karatasi pembeni kwanza, nipe daftari. Nikamuuliza kila mmoja, kuanzia sasa mpaka mwakani utasafiri wapi, na nani, siku ngapi. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaanza na bei na jina la bima, wakati bima yenyewe kwanza inaangalia vitu viwili, siku ngapi uko nje na uko nje na nani.

Dada ana duka la mabegi na viatu Kariakoo. Anaenda Guangzhou mara tatu, mwezi wa kumi kwa ajili ya yale maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yanayofunguliwa tarehe 15 Oktoba, anarudi tena mwezi wa nne kwenye ya Aprili, halafu mwezi wa sita kufuata mzigo tu. Kila safari kama siku 18. Dubai mara mbili, mara moja mwezi wa tatu kibiashara na mara moja Desemba wote wanne kupumzika wiki moja. Na Kampala mara moja kwa mteja wake. Safari sita, na huyu dada yangu ni mtu wa kuamua Jumatatu akapaa Alhamisi, kwa hiyo zinaweza hata kuzidi.

Shemeji ana miaka 56, anafanya kazi bandarini. Atamsindikiza dada Guangzhou mara moja mwezi wa nne, na Desemba Dubai. Ana presha, anakunywa vidonge kila siku asubuhi miaka sita sasa. Binti ni Dubai tu.

Kijana amemaliza shahada yake mwezi wa saba huu huu, uhandisi wa umeme, ametimiza miaka 23, hajaajiriwa bado, anaishi nyumbani na anamsaidia mama dukani. Amepata kozi fupi Ujerumani ya umeme wa jua, inaanza tarehe 8 Septemba inaisha 21 Novemba. Nikahesabu kwa vidole pale mezani, siku 75. Halafu Desemba Dubai na wenzake.

Ndo nikavuta zile karatasi. Zote tatu zimeandikwa bima ya mwaka ya familia, dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada. Ya kwanza dola 395, kila safari isizidi siku 45. Ya pili dola 340, kila safari siku 30, matibabu mpaka dola 50,000 na ugonjwa wowote uliokuwepo kabla haumo kabisa. Ya tatu dola 520, kila safari siku 60. Hizi bei ni za wao, umri wao na safari zao, wewe ukiomba utapewa nyingine.

Nikachukua kalamu nyekundu nikatafuta kwenye kila karatasi neno moja tu, mtoto. Ya kwanza imeandika mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, au mpaka 23 kama hajaoa wala kuolewa na anasoma chuo muda wote, na awe anasafiri na mzazi. Ya pili chini ya 18 basi. Ya tatu inafanana na ya kwanza, ila mtoto wa zaidi ya miaka 18 anaruhusiwa kusafiri peke yake akiwa na barua ya chuo.

Nikazungushia duara zote tatu nikamsogezea dada. Kijana ndo alisoma wa kwanza, akaniangalia akasema, "Kwa hiyo mjomba, mimi sio familia?"

Kwa kweli lile swali lilitulia pale mezani. Kwetu mtoto ni mtoto mpaka aoe, na akishaoa pia bado ni wako, analala chumba kile kile na anakula sahani ile ile. Shemeji alikasirika kabisa, akasema huyu anaishi kwangu, anakula kwangu, nani mwingine anamtegemea kama sio mimi. Na hapo ndo panapochanganya watu, kwa sababu neno tegemezi kwenye mkataba halina maana ya nani anamlisha nani. Lina maana ile iliyoandikwa pale kwenye karatasi ya maelezo ya maneno, full stop. Kijana alipokuwa chuo alikuwa ndani. Siku aliyomaliza mtihani wa mwisho alitoka nje, hakuna mtu aliyempigia simu kumwambia umetoka, na umri wake wa 23 wala haukuwa na shida sana. Kilichomtoa ni kumaliza chuo.

Dada akauliza, si tuseme tu bado anasoma, barua ya chuo ya mwaka jana ipo. Nikamkatalia hapo hapo. Bima inasimama kwenye ukweli kamili wa mteja, ndo msingi wa sheria yake, ukidanganya kwenye fomu wao wanapokea hela yako vizuri tu bila kuuliza, na siku ya klemu ndo wanaanza kuchimba, wanaomba cheti cha chuo, wanaona tarehe ya kumaliza, mkataba mzima unaweza kubatilishwa. Sio wake tu, na wa wengine walioko kwenye karatasi moja naye.

Sasa tuachie hapo kwanza habari ya familia, twende kwenye siku. Hata kama kijana angekuwa bado chuo, Ujerumani ni siku 75. Bima ya kwanza inaishia siku ya 45, ya tatu siku ya 60. Watu hawaelewi hii, wanaona mwaka mzima wanadhani unaweza kukaa nje mwaka mzima. Hapana. Bima ya mwaka ni safari nyingi fupi fupi ndani ya mwaka, kila moja ina ukomo wake, ukipitiliza siku moja uko peke yako, na nyingine zinahesabu safari nzima kuwa imekosa sifa toka mwanzo kama ulijua tangu unaondoka kwamba utapitiliza.

Na viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Ujerumani, ina masharti yake ambayo hayana mjadala. Bima lazima iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen sio Ujerumani peke yake, ibebe matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kifo. Na ifunike muda wote utakaokaa. Ukipeleka karatasi iliyoandikwa ukomo siku 45 wakati barua yako ya kozi inasema siku 75, unajiombea kurudishwa. Bahati nzuri siku 75 ziko chini ya zile siku 90 ndani ya kila siku 180 ambazo viza ya muda mfupi inaruhusu kukaa, kwa hiyo ni viza ya muda mfupi na bima ya safari inatosha. Kozi ingekuwa ya miezi minne tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa, viza ya kitaifa na bima ya afya ya kule kule, bima ya safari ya Dar huenda isingetosha.

Kuna kitu nilimuuliza kijana ambacho hakuna aliyekifikiria. Hiyo kozi mnakaa darasani tu? Akasema hapana, nusu ni vitendo, tunapanda juu ya mapaa kufunga paneli. Haya. Bima nyingi za safari zinaondoa kazi za mikono, na hasa kazi za kupanda juu, hata kama hulipwi, hata kama ni mafunzo. Mtu ateleze kwenye paa kule halafu tuanze kubishana kama ilikuwa kazi au masomo? Nikamwambia andika imeili kwa kampuni leo, eleza kozi ilivyo, kila kitu, usifiche paa, waambie wajibu kwa maandishi. Jumanne wakajibu kwamba mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi wa chuo yanakubalika mpaka kimo cha mita tatu, zaidi ya hapo hapana. Kijana akawaandikia waandaaji wa kozi, nao wakasema wana bima yao ya ajali kwa wanafunzi wakiwa kwenye vitendo. Zile imeili mbili akaziprinti. Kwangu mimi zile karatasi mbili zina thamani kuliko mkataba wenyewe wenye kurasa kumi na nne.

Presha ya shemeji ilituchukua muda pia. Wakala wa ile ya bei nafuu alishamjazia fomu kabla, kwenye swali la magonjwa ameweka tiki ya hapana kuanzia juu mpaka chini. Shemeji anasema mimi siumwi, presha yangu iko sawa, nakunywa dawa. Shemeji yangu, kunywa dawa ndo kuumwa kwenyewe kwa lugha ya bima. Nikamwambia fikiria uko Guangzhou, kichwa kinakugonga, unaanguka kwenye ngazi za hoteli. Hospitali nyingi za China zinataka dipoziti kwanza kabla hawajakulaza, na hapo ndo unahitaji ile namba ya simu ya masaa 24 ipige hospitali iseme tunamlipia huyu. Kitu cha kwanza wanachokwenda kuuliza ni historia yako, na vidonge viko kwenye begi lako. Tukajaza fomu upya kwa ile kampuni ya kwanza, presha ndiyo, tangu lini, dawa gani, mara ya mwisho kulazwa hajawahi. Kampuni ya kwanza ikasema sawa, tunaongeza dola 20, na tutabeba dharura ya ghafla inayotokana na presha, ila sio kliniki ya kawaida wala dawa zake za kila siku. Hiyo ni haki, nilimwambia lipa hiyo ishirini kwa mikono miwili.

Kwa hiyo hesabu. Nikamwambia dada tuwaombe kampuni hiyo ya kwanza bei ya mtu mmoja mmoja pia, mwaka na safari moja moja. Jumatatu zikaja: mwaka mzima mtu mmoja mzima dola 190. Safari moja Guangzhou siku 18 dola 48. Dubai wiki dola 22, mtoto 15. Kampala 15. Schengen mpaka siku 92 dola 95.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeenda pale nikiamini kwamba tutachukua ya familia kwa wazazi na binti, halafu kijana tumkatie yake pembeni. Nilishaanza kumueleza hivo dada. Lakini ukikaa na kalamu hesabu inasema kingine.

Chukua ya familia dola 395, ongeza 20 ya presha, 415. Kijana hayumo, kwa hiyo Ujerumani 95 na Dubai 22, jumla 117. Yote pamoja 532.

Sasa wagawe. Dada peke yake akinunua safari moja moja: Guangzhou mara tatu ni 144, Dubai mara mbili 44, Kampala 15, inakuja 203. Ya mwaka ni 190. Kwake yeye ya mwaka inalipa, tena na zile safari za ghafla zinaingia humo bila kukimbilia kwa wakala usiku. Shemeji safari zake mbili ni 48 na 22, sabini, na ile ishirini ya presha, tisini. Kumkatia mwaka ni kutupa hela. Binti 15. Kijana 117. Jumla ya nyumba nzima ni dola 412, na kila mtu ana karatasi yenye jina lake, hakuna anayemtegemea mwenzake kuwepo ndani ya ndege ili bima ifanye kazi.

Dola 120 tofauti. Dada alirudia ile hesabu mara mbili kwenye kikokotoo cha simu, akanyamaza, halafu akasema kwa hiyo mwaka jana tulilipa ya familia wakati anayesafiri ni mimi tu. Ndiyo dada. Familia yao inasafiri pamoja mara moja kwa mwaka, siku saba za Desemba, na walilipia neno familia kwa siku 365. Nyumba ambayo baba, mama na wadogo wanasafiri pamoja mara tatu nne kwa mwaka, kwao hesabu inageuka na ya familia inakuwa bei poa sana, sisemi ni mbaya. Hawa sio hao.

Kuna kimoja nilibishana na shemeji. Yeye alisema kijana tumkatie ya mwaka ya dola 190 awe na uhakika, maana akiwa Ulaya nani ajuaye, na akirudi labda atapata safari nyingine. Nikamwonyesha kwamba bado tungelipa 95 ya Schengen juu yake kwa sababu ya ile siku 45. Mwaka unamfaa mtu wa safari nyingi fupi. Kijana ana safari moja ndefu. Akipata kazi ya kumzungusha Nairobi na Johannesburg kila mwezi, mwajiri wake ndo atamkatia, na kama hatamkatia basi tutarudi mezani.

Tarehe ya kuanza nayo ni ya kuangalia. Wakala alitaka ya dada ianze siku ile ile anayolipa, mwezi wa saba. Kwa safari ipi? Hapaa mpaka Oktoba. Tukaomba ianze tarehe 10 Oktoba 2025 iishe 9 Oktoba 2026, hapo inameza safari yote ya Oktoba, Desemba, Machi, Aprili, Juni na Kampala. Ingeanza Julai miezi mitatu ya mwanzo ingekuwa imekaa bure, na Julai mwakani anakata tena. Kitu cha kujua ni kwamba kama unataka bima ikulinde safari ikifutwa kabla hujaondoka, hiyo sehemu inaanza pale bima inapoanza, kwa hiyo ukisogeza mbele unaikosa kwa huo muda. Dada tiketi yake ya Oktoba anainunua mwezi wa tisa na inabadilishika, akasema sawa.

Halafu mizigo. Dada aliamini kabisa kwamba zile sampuli na mabegi anayorudi nayo kwenye ndege yako kwenye bima. Hayako. Sehemu ya mizigo ni nguo zako na vitu vyako binafsi, bidhaa za biashara zimetajwa kwa jina kwamba hazimo, na kontena ni bima ya mzigo ya baharini, kitu kingine kabisa. Begi la kawaida likipotea, usitoke uwanjani bila kujaza ile ripoti ya mzigo uliopotea kwenye dawati la shirika la ndege, maana bila hiyo ni vigumu shirika au bima kukusikiliza, na shirika lenyewe linawajibika chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, kuna kiwango cha juu wanacholipa kwa abiria. Watu wanafika Terminal 3 ya uwanja wa ndege Dar wamechoka, wanasema ntarudi kesho. Usirudi kesho.

Shemeji aliuliza pia kuhusu Zanzibar, maana walisikia kwamba Zanzibar siku hizi lazima bima. Ile iliyoanza Oktoba mosi 2024, dola 44 kwa siku 92, ni kwa wageni kutoka nje ya nchi. Wao Watanzania wanapanda boti yao kama kawaida.

Jambo la mwisho tuliloongea lilikuwa zito na dada alitaka kulikwepa. Kusafirisha mwili. Nilimsomea kipengele kile kwa sauti, kiasi gani, nani anapigiwa simu. Sote pale tumeshachangia msiba wa mtu aliyefia nje, tunajua jinsi grupu linavyofunguliwa usiku, kila mtu anatuma elfu kumi elfu ishirini, wiki inapita mwili uko kule na mama yake amekaa kwenye mkeka anasubiri. Binti akaondoka mezani kwenda jikoni. Dada akasema endelea kusoma, nikasoma mpaka mwisho, akaandika ile namba kwenye daftari na kwenye simu ya shemeji na ya kwangu, ili kama ni yeye amelala kitandani kule, awepo wa kupiga kutoka huku. Kwa sababu sharti karibu la kila mkataba ni hilo, piga kwanza ndo utibiwe, labda uwe huna fahamu, na mwaka jana Nairobi hakuna aliyepiga mpaka siku ya tatu.

Kama kampuni ingekataa klemu bila sababu ya maandishi kuna pa kwenda, TIRA, mamlaka ya bima Tanzania, wanasimamia kampuni zote za bima na mawakala wao, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Dada aliuliza kama bado tunaweza kupeleka ile ya Nairobi. Nilimwambia ukweli wangu, kwa kampuni hatuna kesi, kipengele kipo na saini yako ipo. Kuhusu wakala, kumlalamikia TIRA inawezekana kabisa na nilimsaidia kuandika barua, sio kwa kutegemea ile milioni tano irudi, ila kwa sababu yule mtu bado anauza bima ile ile kwa mama mwingine pale Kariakoo.

Alhamisi vyeti vikaja. Cha kijana nilikifungua mimi kwanza. Tarehe 7 Septemba mpaka 25 Novemba, siku 80, tumeacha za akiba ndege ikichelewa. Nchi zote za Schengen, euro 30,000 imezidi. Ila jina wameandika mawili na pasipoti ina matatu. Nikampigia binti wa pale ofisi ya bima, akasema haina shida anko hiyo inajulikana, nikamwambia mwanangu naomba tu uiweke kama pasipoti ilivyo, nitasubiri. Saa tisa ikarudi imenyooka. Kijana akaiprinti nakala mbili, moja akaiweka kwenye bahasha ya ubalozi pamoja na barua ya kozi na zile imeili za paa, nyingine akampa mama yake, dada akaikunja akaiweka kwenye pochi anayokwenda nayo dukani.